Bustani yangu inafunguliwa saa mbili

Mwaka jana mchezaji mmoja wa michezo ya kompyuta, Mholanzi, aliniandikia, kwa adabu kabisa, akitaka kujua kwa nini bustani yangu ya wanyama inafunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa tano asubuhi. Ni kwa sababu ya wanyama wanaotembea gizani? Nilisoma ujumbe wake mara mbili ndipo nikaelewa. Kibao cha getini kimeandikwa hivi: WAZI KILA SIKU, 2:00 – 11:00. Kwangu mimi hapo hakuna fumbo. Saa mbili watoto wameshakunywa chai na jua limeshapanda. Saa kumi na moja jua linateremka upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mlinzi anaanza kuwasogeza watu taratibu kuelekea mlangoni. Yeye alisoma saa ya kwao.

Nikamweleza kwamba sisi saa tunaanza kuzihesabu kunapokucha, siyo usiku wa manane. Alifurahi kama mtu aliyeokota hela njiani, akaniomba nisikibadilishe kibao. Sijakibadilisha.

Bustani yenyewe ipo ndani ya kompyuta, kwenye chumba changu hapa Mwanga, Kigoma. Mchezo ni Planet Zoo, uliotengenezwa na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, na kutoka rasmi tarehe 5 Novemba 2019. Mimi niliupata baadaye sana, baada ya kununua kompyuta ya mtumba yenye RAM 8, ambayo feni yake ikizunguka jirani anadhani nasaga mahindi. Kuupakua kulichukua mabando ya usiku ya wiki nzima. Nalala, naamka saa tisa, naangalia asilimia, nalala tena. Mwenye mtoto mchanga ananielewa.

Kwa asiyeujua: unapewa ardhi tupu. Unachimba mabonde, unainua vilima, unapanda miti, unajenga uzio, vibanda, njia, vyoo, halafu unaleta wanyama. Mnyama akikosa kivuli, akikosa majani ya kwao, akizidiwa na macho ya watu bila mahali pa kujificha, hali yake inashuka, na ukizembea wanakuja waandamanaji na mabango yao kukulaani mbele ya wageni. Ukuta ukiwa dhaifu, mnyama anatoka. Nimewahi kumkuta kiboko mbele ya duka la vinywaji, wateja wametawanyika kama minada ya Ujiji mvua inapopiga ghafla.

Duniani kuna watu wameufanya mchezo huu kuwa ufundi hasa. Wanajenga bustani zinazofanana na za kweli mpaka ukiona picha unauliza ni mji gani. Wanaweka jiwe juu ya jiwe, mamia kwa mamia, kutengeneza mwamba mmoja. Wanachora ukungu ukutani, wanaacha toroli nyuma ya banda, wanaweka bomba la maji linalovuja. Nawavulia kofia. Lakini mwamba wangu mimi ni wa kawaida na maporomoko yangu ya maji yanafanana na bomba lililopasuka. Nguvu yangu ipo kwenye vibao, na kuna sababu.

Mchana nafanya kazi steshenari. Natengeneza mabango ya harusi, ya misiba, ya mahafali, ya mgombea huyu na yule msimu ukifika, vibao vya saluni, stika za bajaji. Nimeshaandika MAMA LISHE NA CHIPSI mara nyingi kuliko jina langu. Kwa hiyo nilipogundua kwamba Planet Zoo inakuruhusu kuingiza picha zako mwenyewe kwenye mbao za matangazo, nilikaa kimya kidogo. Rafiki yangu aliyekuwa pembeni alisema, "Yaani unatoka kazini unakwenda kazini." Ni kweli. Ila kule hakuna mteja anayesema herufi ziwe kubwa zote, ziwe nyekundu zote, na picha ya mama mkwe isikatwe.

Mchezo unakuja na vibao vyake vya elimu. Unaviweka karibu na banda, unakichagulia kibao mnyama, kazi imekwisha. Wageni wanasimama, wanasoma, kiwango chao cha elimu kinapanda. Ni vibao safi. Tatizo ni kwamba mchezo haujui Kiswahili. Na vibao vyangu, hili nalisema kwa uchungu kidogo, havihesabiki. Kwa hesabu za mchezo ni mapambo tu, sawa na chungu cha maua. Mgeni wa kwenye kompyuta anapita mbele ya kibao nilichokihangaikia siku nne, anakwenda kusimama kwenye kile cha kiwandani, anatikisa kichwa, ameelimika. Kwa hiyo naweka vyote viwili: cha mchezo nakificha nusu nyuma ya kichaka, changu kinakaa mbele.

Basi nawaandikia nani, kama wageni wenyewe hawasomi?

Nilipokuwa na miaka kama tisa, baba alinipeleka kwenye bustani moja ya wanyama, siitaji. Palikuwa na kidimbwi cha saruji, ndani yake mamba asiyetikisika, na mbele yake kibao cha bati kilichokula kutu pembeni. Nilimwuliza baba kimeandikwa nini. Baba alikuwa fundi seremala, Kiingereza chake kilikuwa cha vipimo na bei. Alikitazama kile kibao muda mrefu, akasema, "Wameandika kwamba huyu ni mamba, ni mzee kuliko babu yako, na hapendi watoto wanaouliza." Nilicheka. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba maneno pekee makubwa pale yalikuwa Crocodylus niloticus, na mengine yote yalikuwa Kiingereza cha herufi ndogo. Baba alikuwa amesimama mbele ya mamba wa nchi yake mwenyewe, kibao kinamwambia kwamba hakikuandikwa kwa ajili yake. Akatunga cha kwake.

Jina la kitaalamu silichukii. Nalitumia, kwa herufi za mlalo, chini ya jina letu, kama inavyofanywa kwenye bustani zote za maana. Lakini linakuja la pili.

Ufundi wenyewe hauna siri kubwa. Unaandaa picha kwenye programu yoyote ya kudizaini, unaihifadhi kama PNG, unaitia kwenye folda maalumu ambayo mchezo unaitambua, halafu ndani ya mchezo unachagua ubao na kuubandika picha yako. Ukiuacha hivyo hivyo unaonekana kama televisheni iliyosimamishwa porini. Mimi naujengea fremu ya magogo, nauzamisha ndani sentimita chache ili kingo zisionekane, nauinamisha kidogo kama jukwaa la kusomea, na juu naweka kipaa cha nyasi, maana kibao cha nje kisicho na kipaa kwa jua la Septemba na mvua za Novemba hakimalizi miaka miwili. Kwenye kompyuta hakuna jua wala mvua inayochubua rangi. Najua. Lakini nimeshabadilishia watu mabango mengi sana yaliyopauka.

Ukubwa wa herufi nao nimeuchukua kazini. Kanuni tunayotumia ni kwamba mtu aliyesimama mita tatu anahitaji herufi ya kama sentimita mbili na nusu ili asome bila kukunja uso. Mchezo unatumia mita, hivyo hesabu inakubali. Ukishaitii kanuni hiyo, ubao wa mita moja kwa sentimita sabini, wenye picha, ramani na jina, unakubakizia nafasi ya maneno arobaini, hamsini ukibana. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Maneno arobaini kuhusu tembo! Wahariri wa magazeti wanaolalamika kwamba waandishi wao wanarefusha mambo wangewapeleka kuandika vibao vya bustani mwezi mmoja.

Na kabla ya maneno arobaini kuna jina. Sikutegemea kwamba jina litanitoa jasho.

Chukua mbwa mwitu. Hapa kwetu, mbwa mwitu ni yule mwembamba mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano na masikio kama sahani, anayewinda kwa kundi. Wapo kule Selous. Ndani ya mchezo yupo. Lakini yupo pia yule wa nchi za baridi, Canis lupus, mwenye manyoya ya kijivu, na huyo naye Waswahili tumemwita mbwa mwitu tangu Biblia ilipotafsiriwa. Ndiye anayevaa ngozi ya kondoo kwenye Mathayo. Nikajikuta na mabanda mawili yanayopakana, wanyama wawili ambao hata hawafanani, na vibao viwili vyenye jina moja. Mpwa wangu, yupo darasa la tatu na ndiye msomaji wangu wa kwanza wa kila kibao, akasoma cha kwanza kwa sauti, akasoma cha pili kwa sauti, akanigeukia. "Mjomba, umekosea. Umerudia."

Nilijaribu kumpa yule wa baridi jina la kukopa. Lilikaa vibaya mdomoni, na mpwa alilikataa kwa kulitamka mara tano, kila mara tofauti. Mwishowe nikaandika MBWA MWITU WA AFRIKA na MBWA MWITU WA KIJIVU, na kwenye vyote viwili nikaongeza mstari mmoja: "Jirani yake ana jina kama lake. Tazama miguu ya mbele: mmoja ana vidole vinne, mwingine vitano." Ni kweli, mbwa mwitu wa Afrika hana kile kidole cha juu cha mguu wa mbele ambacho mbwa wa nyumbani anacho. Kosa la lugha likageuka kuwa sababu ya kutazama. Ndicho kibao ninachojivunia kuliko vyote, na kilizaliwa kwa kukwama.

Simbamarara hakunisumbua, ingawa wapo wanaosema chui milia na wana hoja. Chui wa theluji anajieleza. Tapiri alitushinda. Wangu ni wa Amerika ya Kati na Kusini, mwili kama nguruwe, pua inayoning'inia kama mkonga uliokatishwa njiani. Mpwa: "Huyu ni nguruwe au tembo?" Niliandika swali lake kama lilivyo juu ya kibao, na jibu chini: "Si nguruwe, si tembo. Ndugu zake ni kifaru na farasi." Maneno kumi, na hakuna mtu anayepita bila kusoma. Namaanisha hakuna mtu kati ya watu wanne niliowaonyesha.

Halafu kuna wale ninaoweza kuwaita wajumbe, wanaosimama badala ya wa kwetu. Mchezo ulipotoka, simba wake alikuwa wa Afrika Magharibi, twiga wake alikuwa wa madoa yaliyopangika kama vigae, yule wa kaskazini mwa Kenya na Somalia, na sokwe wake alikuwa wa Afrika Magharibi pia. Mtu wa Kigoma anafungua mchezo wa wanyama wa dunia nzima, anamtafuta twiga, mnyama wa taifa lake, anamkuta binamu. Twiga wa kwetu, yule wa Kimasai, madoa yake yamechanika kingo kama jani la mzabibu. Ukiwaweka pamoja hata mtoto anaona. Nilishawishika kuandika tu TWIGA na kunyamaza. Nani angejua? Ila mtu anayeandika vibao ana jambo moja tu la kulinda, nalo ni kwamba kilichoandikwa kiwe kweli. Nimeshaona harusi ikikaribia kuvunjika kwa jina la bibi harusi lililokosewa herufi moja, na mkosaji nilikuwa mimi. Kwa hiyo kibao kinasema twiga huyu ametoka wapi, na pembeni nimechora vipande viwili vya ngozi: wake, na wa yule wa Serengeti.

Sokwe ndiye aliyenikalisha.

Kigoma ni mji wa sokwe. Hifadhi ya Gombe ipo kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, unapanda boti Kibirizi. Mahale ipo kusini, mbali zaidi, hifadhi ya taifa tangu 1985, na Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza utafiti kule 1965. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka ufukweni Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshamwona sokwe mmoja aliyempa jina David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, niliingia kwenye bustani yangu usiku ule nikaweka bamba dogo la shaba chini ya mti mkubwa wa banda la sokwe. Lina tarehe tu ya kufika. Ya kuondoka nimeiacha.

Tatizo la kwanza: jina. Mtaani tunasema sokwe. Hifadhi wanaandika sokwemtu. Na magazeti nayo yanamwita sokwe yule mkubwa mweusi, gorila. Kwenye bustani yangu wote wawili wapo, mabanda hayapishani mbali. Nikaamua: SOKWEMTU kwa huyu wetu, GORILA kwa yule. Kuna watakaonuna.

Tatizo la pili: sokwe wa kwenye mchezo ni wa Guinea na Sierra Leone na Liberia, na wa Gombe ni wa mashariki, Pan troglodytes schweinfurthii. Wa kwenye mchezo ni verus, na hao hali yao ni mbaya zaidi, wamewekwa daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Siwezi kusimama Kigoma nikawaita watu wa Guinea kwamba ni Waha. Nikaandika ukweli kwa mstari mmoja.

Tatizo la tatu lilikuwa maneno yenyewe, na hapa nilipata msaada nisioutafuta. Jirani yetu ni mzee aliyeendesha boti miaka mingi, akipeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Huwa anakuja jioni kuchaji simu, anakaa kwenye kiti changu kizuri, mimi nahamia kwenye ndoo. Siku hiyo nilikuwa nimefungua rasimu ya kibao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Unaandika tangazo la nini?"

"La sokwe, babu. Nisomee uone kama linaeleweka."

Akavaa miwani. Rasimu ilisema: "Sokwemtu hutumia zana kupata chakula. Kila jioni hutengeneza kiota kipya juu ya mti." Nilikuwa nimeridhika nayo. Ilikuwa sahihi, fupi, imekaa vizuri chini ya picha.

Mzee alisoma polepole, kidole kwenye kioo, alama ya kidole ikabaki. "Kiota," akasema.

"Ndiyo, babu. Anajenga kwa matawi."

"Kiota ni cha ndege. Ndege anajenga siku nyingi, anataga, anakaa humo mpaka watoto waruke. Huyu anafika jioni amechoka, anakunja matawi, anaweka majani juu, anabonyeza, analala. Asubuhi anaacha. Kesho kwingine. Hicho ni kiota?" Akanitazama juu ya miwani. "Huyo anatandika."

Nilifuta. Nikaandika: "Kila jioni hutandika kitanda kipya cha matawi juu ya mti." Nikasoma kwa sauti. Mpwa aliyekuwa sakafuni na daftari lake akainua kichwa: "Kila siku kipya? Na asubuhi hatandui?" Kwa mara ya kwanza sokwe alikuwa mtu wa nyumbani, mwenye usingizi na uchovu na tabia ya kuacha kitanda hovyo.

Nilipoona hivyo, ile sentensi ya zana nayo ikaanza kuninukia. "Hutumia zana kupata chakula" haina kosa lolote, ila nani anaongea vile? Kule Katonga mvuvi anayesubiri wenzake ufukweni hatumii zana kupata chakula. Anavua. Sokwe anachagua kijiti, anakichambua majani, anakichomeka kichuguuni, anasubiri, anakivuta taratibu kimejaa mchwa waliong'ata. Hiyo ni ndoano bila ndoano. Nikaandika: "Huvua mchwa kwa kijiti." Mzee akasema, "Hapo sawa," akarudisha miwani mfukoni, akauliza simu imefika asilimia ngapi.

Tangu siku ile nimevirudia vibao karibu vyote. Niligundua nilikuwa nafanya kitu cha ajabu: nawaza kibao cha Ulaya, nakihamisha. "Huishi katika makundi ya kijamii." "Ni mla majani." Unajua ni nini kibaya na "mla majani" kwenye kibao cha pundamilia? Mtoto anayeishi na mbuzi anajua mnyama wa namna hiyo anakula nini. Asichokijua ni kwamba kila pundamilia ana milia yake, haifanani na ya mwenzake. Nimempa hicho.

Kuhusu majina ya sokwe mmoja mmoja, nimefuata desturi ya Gombe. Kule watoto hupewa jina linaloanza na herufi ya mama: Flo alikuwa na Faben, Figan, Fifi, Flint. Inafuatwa ya mama kwa sababu mama anajulikana, baba hajulikani kwa macho. Kwangu mama mkubwa ni Katonga, na wanawe ni Kibirizi, Kasulu, Kibondo na mdogo kabisa Kakonko, ambaye ni mtundu kupita kiasi na mara mbili ameshatoka nje ya ukuta nilioujenga kwa haraka. Wachezaji wa nje wanadhani nimetunga majina mazuri ya Kiafrika. Ni miji na mitaa, ndugu yangu. Ni kama kumwita simba Morogoro.

Vibao vya kawaida sivielezi kwa kirefu, ingawa ndivyo vinavyofanya bustani iaminike kuliko hivi vya wanyama. VYOO, na mshale. WAFANYAKAZI TU. CHUMBA CHA KUNYONYESHEA. USILISHE WANYAMA, FAINI 50,000/=. Nyuma ya ghala, ambako hakuna mgeni anayefika, nimeandika kwa herufi za mkono, rangi ikimwagikia chini, MARUFUKU KUKOJOA HAPA. Hakuna anayekojoa kwenye Planet Zoo zaidi ya wanyama. Lakini ukuta mrefu usio na maandishi hayo, Tanzania hii, ungeuamini?

Kitu ambacho mchezo umeninyima ni samaki. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na lina samaki wadogo wa rangi wa aina nyingi ambao hawapatikani maji mengine yoyote. Watu wa ng'ambo wanawafuga sebuleni kwenye vioo. Mchezo una viboko na wanyama wengine wa majini, ila samaki wa kufuga kwenye kioo hawamo. Nimejenga jukwaa la mbao juu ya maji, upande wa magharibi, na hapo nimeweka kibao kisicho na mnyama. Kinataja kuhe, migebuka, dagaa, na hao wadogo wa mawe. Chini: "Hapa hutaona kitu. Wapo chini." Mpwa alikaa pale kwenye skrini dakika nzima akizungusha kamera, akitazama maji.

Kibao cha mwisho kipo mlango wa kutokea. Nilitaka mtu akitoka kwa sokwe wa Afrika Magharibi aambiwe walipo wa huku. Nikachora mshale kuelekea kaskazini ya ramani: GOMBE, KM 16. Nilikiona kizuri mno, kimenyooka, kama cha barabarani.

Mzee alipokuja jioni nyingine nikamwonyesha. Aliangalia kidogo tu, hata miwani hakuvaa.

"Kilomita za nini, na njia ni maji? Mtu akiniuliza Gombe ni mbali gani, nilikuwa namwambia tutazame ziwa kwanza. Likitulia, unafika mapema. Likichafuka, unalala kwa watu."

Nimeifuta namba. Sasa kimeandikwa: GOMBE. KWA BOTI, ZIWA LIKITULIA. Mholanzi hajauliza hicho bado.